Viazi vya mapambo vinavyolala na kuamka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikifika Januari, hapa Kisumu jua limechoma mpaka nyasi za kando ya barabara zimegeuka kahawia, naanza kutumiwa picha za poti tupu. Swali ni lile lile: hii imekufa? Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, na majibu ni vile nimeyajua kwa kupanda mwenyewe Mamboleo, pamoja na dadangu anayepanda Nakuru ambako baridi ni ya kwao kabisa. Kama jibu liko kwa swali lingine nitakuelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Mnaongelea mimea gani hasa? Si viazi vya kula?

Hapana, ingawa baadhi ni ndugu wa vile vya kula. Hii ni mimea ya nchi za joto inayoficha akiba yake kwa kiazi chini ya udongo, mvua ikija inatoa jani au ua, alafu kiangazi kikiingia inarudi yote chini kama haikuwahi kuwepo. Mimi niko na Amorphophallus konjac (shina lina madoa kama ngozi ya nyoka na juu jani moja tu kama mwavuli), Caladium za majani mekundu na meupe, Gloriosa superba inayopanda kwa kushikilia vitu na ncha za majani yake, Sauromatum venosum, na ZZ (Zamioculcas zamiifolia) ambayo siku hizi kila ofisi inayo.

Caladium asili yake ni Amerika Kusini na konjac ni ya Asia. Lakini Gloriosa na ZZ ni za kwetu, zinamea porini hapa hapa Kenya, na Sauromatum pia iko Afrika, na inaniuma kidogo nikiona mtu analipa pesa nyingi kwa mmea huku bibi yake kijijini anaung'oa kama kwekwe. Nduma nayo ni ukoo mmoja na konjac na caladium, kwa hivyo kama umewahi kusaidia mama kupanda nduma kando ya mto, kazi hii tayari unaijua nusu.

2. Mbona majani yote yameanguka na nilikuwa namwagilia vizuri tu?

Juu mmea umemaliza kazi yake ya mwaka. Jani la konjac linaishi miezi kadhaa, linapika chakula linakishusha chini, na huko chini kiazi cha zamani kinanyonywa mpaka kinabaki ganda huku kipya kikijengeka juu yake. Siku umri wa jani ukifika, litakauka hata kama unamwagilia asubuhi na jioni.

Zile video za Ulaya zinasema mmea unalala kwa sababu ya baridi na mchana kuwa mfupi. Huku tuko karibu na ikweta, mchana wa Juni na wa Desemba karibu unalingana, kwa hivyo mimea yetu inasoma vitu vingine: mvua kukatika, udongo kukauka, na umri wa jani lenyewe. Ukilielewa hilo maswali mengi ya huku chini yanajijibu.

3. Nitajuaje kama kimelala au kimekufa?

Usiangalie juu, juu hakuna habari. Chimbua pole pole kwa vidole kutoka pembeni ya poti, toa kiazi, alafu kibonyeze na kidole gumba. Kilicho hai ni kigumu na ni kizito ukikipima kwa kiganja, kama waru mbichi (kile kiazi cha kula cha kawaida). Kilichokufa kinabonyea, kinatoa maji yenye harufu mbaya, au kimekuwa chepesi kama kizibo na ndani ni unga mkavu. Bado una shaka? Kwaruza ngozi kidogo na ukucha, chini ikiwa nyeupe, ya krimu au ya waridi na ina unyevu, hicho kiko hai, rudisha.

Kuna moja inadanganya watu wengi. Unakuta ganda jeusi lililokunjamana unadhani ndio mwisho, kumbe ni kile kiazi cha mwaka jana na kipya kiko juu yake au pembeni, saa zingine na watoto wadogo kama njugu. Pepeta udongo wote kabla hujautupa.

## Kulaza

4. Majani yameanza kuwa manjano, nikate nisafishe?

Usikate. Jani likigeuka manjano bado linashusha chakula, na ukilikata mapema unanyima kiazi tonge la mwisho. Punguza maji, na jani likilala chini kabisa acha kumwagilia. Shina likikauka litatoka lenyewe ukilivuta kidogo tu, likikataa kutoka bado haijafika wakati.

5. Ning'oe au niache kwa poti?

Kama poti iko mahali mvua haifiki, acha tu, kiazi kinapenda kutosumbuliwa. Iko nje? Ng'oa, juu hapa Kisumu hata Januari inaweza kunyesha usiku mmoja kwa nguvu, na kiazi kilicholala hakina mizizi ya kunywa hayo maji, kinakaa tu ndani yake.

Ukishang'oa usioshe. Kausha kivulini wiki moja au mbili mpaka udongo uanguke wenyewe, alafu weka kwa katoni au kikapu na mchanga mkavu au makapi ya mpunga, viazi visigusane ili kimoja kikioza kisiambukize vingine. Andika jina kwa kila kimoja. Hili nalisisitiza kwa sababu kiazi cha Gloriosa kikikauka kinafanana na kitu cha kula, na hiyo si mchezo (angalia swali la 15).

6. Naweza kuweka kwa friji kama vitunguu vya maua vya wazungu?

Hapana. Tulipu inahitaji baridi ili ichanue, hii yetu haihitaji, na zingine baridi inaziua. Caladium ikikaa chini ya digrii 15 hivi inaanza kuumia ndani, na nimepoteza mbili nzuri sana kwa njia hiyo, nilizitoa zikiwa zinaonekana sawa, baada ya siku tatu zikawa uji. Kabati la kawaida la nyumba ya Kisumu linatosha.

## Kuamsha

7. Naamshaje? Nimwagilie maji mengi?

Hapa ndipo viazi vingi vinauawa, na vinauawa na watu wanaovipenda. Mtu anaona poti iko kimya anaongeza maji, inazidi kukaa kimya anaongeza tena, mwisho anachimbua anakuta uozo anasema mmea ulikataa kuamka, na si kweli, ulikuwa umelala vizuri.

Kanuni yangu ni kwamba macho ndiyo yanaita maji, maji hayaiti macho. Kuanzia katikati ya Februari natoa katoni kila Jumapili naangalia. Jicho la konjac likilala ni ncha ndogo butu katikati ya kibonde juu ya kiazi. Siku likianza safari linavimba, linakuwa la waridi linang'aa kama limepakwa mafuta, na ukiangalia kwa karibu unaona pembeni yake vinundu vyeupe vidogo vidogo vimelizunguka kama meno ya mtoto, hivyo ndivyo mizizi inaanzia. Hapo ndipo naweka kwa udongo wenye unyevu kidogo tu, ule ukiufinya mkononi hautoi tone. Poti naiweka mahali pa joto, na ncha ikitokeza juu naongeza maji, jani likifunguka namwagilia kama mmea wa kawaida.

Caladium ni tofauti kidogo, macho yake yanasukumwa na joto la udongo, inataka digrii 21 kwenda juu. Mimi naweka poti juu ya bamba jeusi upande jua la asubuhi linapiga, na wiki tatu hivi zinatosha.

8. Nimeweka joto, nimeweka unyevu, mwezi wa pili huu na bado. Shida ni nini?

Pengine hakuna shida. Kuna usingizi aina mbili na watu wanauchanganya. Wa kwanza ni wa ndani: kiazi chenyewe kimefunga mlango kwa saa yake, na hata ukikipa mvua, joto na mbolea hakitasikia. Wa pili ni wa kungoja, yaani saa ya ndani imeisha na sasa kinasubiri tu hali ya nje iwe nzuri. Kazi yote ya kuamsha inafaa kwa huu wa pili peke yake. Wa kwanza unaumaliza kwa kungoja.

Viazi vikuu vinaonyesha jambo hili vizuri. Vikishavunwa vinakaa miezi miwili, mitatu, vingine zaidi, kabla ya kuchipuka, na kumwagilia hakuharakishi chochote. Konjac na Gloriosa ni hivyo hivyo. Kwa hivyo kama kiazi chako kililala Desemba na wewe unakiamsha Januari, unagonga mlango wa mtu ambaye ndio ameingia kitandani. Kikaushe tena, kirudishe kwa katoni, angalia kila wiki. Kikiwa kigumu kwa kidole gumba (swali la 3) hakuna haja ya kuhangaika.

9. Kuna homoni ya kuamshia mbegu ya waru, nitumie hiyo?

Unaongelea asidi ya jibereliki. Kwa waru ni kweli inavunja usingizi, lakini kwa viazi vikuu inafanya kinyume kabisa, inaurefusha, na hilo limepimwa na watafiti wa zao hilo. Ukitaka kuijaribu kwa kiazi kigeni ambacho unacho kimoja tu, unacheza kamari na kitu kingeamka chenyewe. Mimi situmii.

10. Upande gani unaangalia juu, na nichimbe shimo la kina gani?

Konjac ina kibonde na jicho, hicho kinaangalia juu. Kumbuka mizizi yake inatoka upande wa juu wa kiazi, kuzunguka jicho, si chini kama unavyodhani, kwa hivyo ipande kwa kina, juu yake kuwe na udongo wa sentimita 10 hivi, na mbolea iweke juu. Watu wanaipanda ikichungulia nje alafu wanashangaa jani linaanguka.

Caladium upande wenye vinundu uwe juu, sentimita 4 au 5. Ukiipanda kichwa chini itatoka tu, ila itachelewa. Ukitaka majani mengi madogo badala ya machache makubwa, toboa lile jicho kubwa la katikati na kisu safi, yale ya pembeni yataamka.

Gloriosa ilaze. Kiazi chake kina umbo la V, na kila mkono una jicho moja tu kwa ncha. Ukivunja hiyo ncha mkono huo hauna tena pa kuchipukia, na ndio maana naisafirisha imefungwa kwa gazeti kama mayai.

11. Udongo gani? Wa kwetu Kano ni mweusi unashikana kama gundi.

Huo wa Kano peke yake usitumie, unashika maji siku nyingi. Nachanganya sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mchanga wa mto na moja ya makapi ya mpunga kutoka Ahero, ambayo nayachoma kidogo kwanza yawe meusi. Dadangu anatumia yale mawe mepesi yenye matundu yanayoelea majini, huko Bonde la Ufa ni ya kawaida, na nadhani yake ni bora kuliko yangu. Na kama shamba lako ni la kule Nyando linafurika, hapo panda nduma, konjac usiiweke chini kabisa.

## Kisumu si Nakuru

12. Niko Nakuru, nafuata tarehe zako na hakuna kinachoamka.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko kama 1,850. Hiyo tofauti ni usiku: huku nalala dirisha wazi, huko dadangu anavaa sweta, na udongo wa poti unapoa nao. Caladium ndiyo inateseka zaidi. Anaianzisha ndani ya nyumba, kwa ukuta ulio nyuma ya jiko, na haitoi nje mpaka iwe na majani mawili kamili, na Julai ikifika anairudisha ndani usiku.

Konjac yake lakini inanishinda kila mwaka. Asili yake ni milima ya kusini-magharibi mwa China, haiogopi ubaridi kidogo, na shina lake linakuwa nene kuliko langu. Kwa hivyo wa Nakuru, wa Molo, wa Eldoret, anzeni na konjac na Gloriosa, caladium tuachieni sisi wa ziwani.

## Matatizo

13. Kimeoza upande mmoja, kinaokoleka?

Mara nyingi ndiyo, ukiwahi. Kata uozo wote mpaka ufike nyama safi, futa kisu kila mara unapokata, paka jivu la kuni kwa kidonda, acha kikauke siku tano hadi saba mahali penye hewa. Usikipande kikiwa na kidonda kibichi. Jicho likiwa limeoza usikate tamaa, konjac na caladium zina macho mengine yaliyojificha na yanaweza kuamka, ingawa utasubiri zaidi.

14. Kuna kitu kinakula viazi kutoka chini, juu jani linaanguka ghafla.

Fuko huyo. Kwa wakwe zangu Shinyalu nilipoteza konjac nne kwa wiki moja, naenda kuangalia nakuta jani limelala, navuta shina linatoka bure, chini kuna shimo safi limechongwa kama bomba. Dawa iliyonifanyia kazi ni kupanda ndani ya ndoo kuukuu zilizotobolewa matundu madogo, alafu nazizika ndoo zenyewe. Waya wa kuku pia unafaa, ukiupanga chini na pembeni mwa shimo. Na katoni ukiona ndani vitu vyeupe kama unga wa ngano kwa macho ya kiazi, hao ni wadudu, wafute na pamba yenye spiriti.

15. Yanaweza kuliwa? Watoto wakishika je?

Gloriosa ni sumu ya kuua, kila sehemu na hasa kiazi. Ndani kuna kolchisini, na kuchemsha hakuiondoi. Watu wamekufa kwa kudhani ni kiazi cha kula. Mtu akila, hata kama bado hajisikii vibaya, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo na ubebe kipande cha mmea wakione. Mimi nimeipanda nyuma ya wavu, na viazi vikilala vinakaa kwa debe lenye kifuniko juu ya kabati, mbali na jikoni.

Caladium, ZZ na Sauromatum zina vile visindano vidogo sana vya kalsiamu oksaleti, ile ile inayofanya nduma isiyoiva iwashe koo. Zinachoma mdomo na zinavimbisha, usile. Konjac inaliwa Japani na China lakini baada ya kusagwa unga na kupikwa na chokaa, si ya kutupa kwa sufuria hivi hivi. Na ukishika viazi vilivyokatwa, vaa glavu.

16. Imetoa ua bila jani, na nyumba nzima inanuka mzoga!

Hongera, kiazi chako kimekomaa. Konjac na Sauromatum zinatoa ua kabla ya jani, na harufu ni ya kuita nzi waje wachavushe. Inakuwa kali siku moja au mbili. Toa nje kwa baraza, usiikate. Sauromatum inaweza kuchanua hata bila udongo wala tone la maji, yangu ilichanua juu ya rafu kati ya vitabu. Ua likiisha ipande, jani linakuja.

17. Naweza kuchimba zangu msitu wa Kakamega, au kuagiza nje?

Msituni usichimbe. Msitu unalindwa na kung'oa bila kibali ni kosa, na zaidi ya sheria, pale kiazi kimoja kinachukua miaka kufika ukubwa wa kuchanua. Omba kwa mtu aliyezalisha.

Kuagiza inawezekana, ila unaanza na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, unapata kibali cha kuingiza mimea kabla hujalipa muuzaji, naye atume na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yake, viazi visafi visivyo na udongo. Kifurushi bila karatasi kinaweza kuharibiwa, na ni haki, ugonjwa mmoja ukiingia kwa nduma za watu tutalia wote.

18. Na ile kubwa ya Sumatra, itamea Kisumu?

Unaongelea Amorphophallus titanum, ndugu mkubwa wa konjac. Mwitaliano Beccari aliieleza mwaka 1878, na ikachanua mara ya kwanza nje ya kwao huko bustani ya Kew, London, mwaka 1889. Kiazi kimoja cha bustani ya Edinburgh kilipimwa kilo 153.9 mwaka 2010, yaani magunia matatu ya simiti na kitu juu. Joto la Kisumu linaifaa, kiangazi chetu ndicho kikavu mno kwake, utahitaji kivuli na unyevu wa hewa, na kutoka mbegu hesabu miaka 7 hadi 10 kabla ya ua. Usingizi wake hauna ratiba, jani moja linaweza kukaa zaidi ya mwaka.

19. Kiazi changu kimepitisha msimu mzima wa mvua bila kuota. Nitupe?

Kibonyeze kwanza. Kama ni kigumu, usitupe. Konjac na Gloriosa zinaweza kuruka msimu, hasa zikisafirishwa vibaya au jani likivunjika mapema mwaka uliopita, na zingine zinatumia muda huo kutengeneza kiazi kipya kidogo huko chini bila kutoa chochote juu. Kitapungua ukubwa, hilo ni kawaida.

Niko na konjac moja niliyopewa na jirani aliyehama, ilikuwa kubwa kama ngumi. Ilikaa kwa katoni mvua ya Machi ikapita, ya Oktoba ikapita, nikawa naiangalia kila Jumapili tu na kuirudisha. Februari iliyofuata jicho likawa la waridi. Saa hii jani lake linafika kwa bega langu.